Karatasi Kavu

Nilikwenda dukani kwa Struan na glavu zangu.
Si za baridi ya mtaani: zile nene za kuzamia,
zinazonipa vidole vya mtoto aliyechovya mikono kwenye uji.
Nikazivaa palepale kaunta, mvua ya Eyemouth ikigonga kioo,
nikasema: nipe kamera mojamoja, nijaribu kubonyeza.

Ya kwanza iling'aa kama gari jipya la meya.
Pikseli zake sikuweza kuzihesabu. Bei yake niliweza:
mshahara wa miezi miwili na nusu, bila taa, bila kasha.
Na vitufe, punje za ulezi.
Nilibonyeza kimoja, vikaitika vitatu.
Rudisha, nikasema.

"Unataka kupiga picha ya nini?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Mume wangu aliuliza pauni ngapi.
Wenzangu wa kuzamia waliuliza mita ngapi.
Nikamwambia ukweli:
meno.

Mimi ni fundi wa meno bandia, Galashiels, mwaka wa kumi na tisa.
Nayamimina, nayachonga, nayasugua hadi yacheke yenyewe,
kisha yanakwenda kwenye vinywa nisivyovijua.
Na kule St Abbs, mita kumi na sita, chini ya mwamba,
anakaa samaki-mbwamwitu, mashavu yamemlegea,
meno yamepandana kama viti vya ukumbini wageni wakishaondoka.
Hakuna hata moja lililonyooka, na bado anavunjia kaa.
Nataka kuyatazama nyumbani, nimekaa,
si kwa pumzi ya kuhesabu.

Struan akavuta kiti.
"Basi usinunue jicho la mbali, nunua la karibu.
Na pesa, ziweke kwenye taa.
Kule chini wekundu ndio hufa kwanza;
ukijikata, damu yako itatoka kijani.
Taa ikae pembeni, kwenye mkono mrefu.
Ukiibandika mbele utapiga picha ya vumbi la maji,
theluji tupu, na samaki nyuma ya theluji."

Nikatoka na iliyokwisha tumika.
Kasha limekwaruzwa, limepita mikono miwili kabla yangu,
lakini lina kitufe kimoja kikubwa
kama kifungo cha koti la babu.
Pete ya mpira, mpya. Akaniapiza juu ya pete ile:
unywele mmoja tu ukilala pale, bahari inaingia bila hodi.
"Mara ya kwanza shuka na kasha tupu. Weka karatasi laini ndani.
Ikirudi kavu, umenunua kamera.
Ikirudi imelowa, umenunua kikombe."

Jumapili, maji nyuzi tisa.
Kasha mkononi, na ndani yake
karatasi ya kupengea kamasi, imekunjwa mara nne.

Na siku hiyo, bila shaka, alitoka.
Mwili mzima, kijivu, urefu wa meza yangu ya kazi,
akaja hadi kwenye kioo akaachama.
Macho hayana pazia. Niliyaona yote:
chonge za mbele zimepishana, magego mapana, ya kusagia,
na kushoto, juu, pengo.
Kazi ya alasiri moja, niliwaza, na nta kidogo.
Kidole kikabonyeza chenyewe.
Karatasi haikufanya lolote.

Kwenye mashua nilifuta chumvi, nikafungua lachi.
Kavu. Kavu kama mkate wa juzi.
Torquil akauliza kama nimeona chochote.
Nikamwomba nahodha penseli,
nikachora taya lile juu ya karatasi, haraka, mikono ikitetemeka,
karatasi ikichanika kila penye chonge,
na pengo nikalitia msalaba
kama nifanyavyo kazini.

Jumapili ijayo nitaweka kamera ndani.
Hatatoka, namjua.
Betri nimeichaji hata hivyo.